Nyumba ya sola huanzia ukutani

Gitega ilipotangazwa kuwa mji mkuu wa kisiasa wa Burundi mwishoni mwa 2018, na Bunge likapitisha uamuzi huo Januari 2019, wenye viwanja huko walipata sababu mpya ya kujenga. Si watumishi wa serikali peke yao. Faida ya mchele, ya vitenge, ya samaki wakavu na ya vipuri vya pikipiki nayo hugeuka matofali, kwa kuwa mfanyabiashara aliyeona thamani ya faranga ikiyumba anajua nyumba haiyeyuki mfukoni. Na vifaa vingi vya nyumba hiyo, kuanzia misumari hadi nyaya, hupita Kobero, mpaka wa Burundi na Tanzania ulio upande wa Muyinga, ng'ambo ya Kabanga wilayani Ngara.

Siku hizi paneli za sola zimo ndani ya mzigo. Mteja wa Gitega au wa Muyinga humwuliza muuzaji swali moja: nyumba ya vyumba vitatu inahitaji paneli ngapi? Muuzaji mwenye haraka atajibu nne au tano, maana kila paneli ina faida yake. Muuzaji anayetaka mteja arudi atauliza kwanza nyumba imejengwaje, madirisha yanatazama wapi, na friji iliyomo ilitoka wapi. Nyumba mbili za vyumba vitatu, mtaa mmoja, familia zenye watu sawa, moja inaweza kutosheka na paneli moja na nyingine ikadai tano.

Burundi bado ni miongoni mwa nchi ambazo umeme umewafikia watu wachache zaidi duniani, takriban mtu mmoja kati ya kumi. Miji hii miwili imeanza kuona mabadiliko. Mubuga, mkoani Gitega, kulizinduliwa mwaka 2021 kituo cha sola cha megawati 7.5, cha kwanza cha ukubwa huo nchini, kilichojengwa na Gigawatt Global, na umeme wake huuzwa kwa shirika la Regideso. Kwenye maporomoko ya Rusumo, mto Kagera, Burundi, Rwanda na Tanzania zinamiliki kwa pamoja mtambo wa megawati 80 ulioanza kuzalisha mwaka 2023, kila nchi na theluthi yake, na njia ya kupeleka sehemu ya Burundi ilipangwa kupita Muyinga hadi Gitega. Hata hivyo, nyaya kubwa zikipita juu ya kilima hazishuki zenyewe hadi sebuleni. Kuna nguzo za kusubiri, kuna mita ya kusubiri, na kuna siku za mgao. Jenereta nayo imekuwa pambo katika miaka hii ya karibuni ya foleni za mafuta. Kwa familia inayoweka msingi mwaka huu, jua ndilo umeme ulio karibu.

Udongo wa Muyinga

Mfano mzuri wa ukuta unaofaa haupo mbali. Uko Muyinga kwenyewe. Mwaka 2012 ilikamilika huko maktaba ndogo iliyosanifiwa na BC Architects wa Brussels, wakishirikiana na shirika la wenyeji la ODEDIM, iwe hatua ya kwanza ya shule jumuishi ya watoto viziwi. Wasanifu hao hawakuja na michoro mkononi. Walizunguka kwanza Muyinga na mikoa jirani wakitazama watu wanajenga na nini, na kwa nini. Wakakuta pia mashine mbili za kufyatulia matofali ya udongo wa kushindilia, nzima kabisa, zimelala chini ya vumbi zito. Zikasafishwa, zikarudishwa kazini.

Matofali yake hayakuchomwa. Udongo ulishindiliwa ndani ya mashine, ukaachwa ukauke, ukapandishwa ukutani. Nguzo zimesimama karibu karibu, kila baada ya mita 1.3, zikiushika ukuta na kubeba paa la vigae vya udongo uliochomwa, lenye mteremko wa asilimia 35. Paa limetoka nje ya ukuta vya kutosha ili mvua isilipige tofali bichi. Chumba ni kirefu kwenda juu, ukuta una matundu ya kupitishia hewa, basi hewa ya moto hupanda na kutoka bila feni. Upande mmoja kuna baraza ndefu yenye paa. Wenyeji wenyewe huiita barza, na nyumba nyingi za Burundi zinayo, kwa kuwa hukinga jua kali na mvua za vishindo. Ndani, juu, umetandazwa wavu wa kamba za katani ambapo watoto hujilaza na vitabu. Nyumba ya familia haihitaji wavu huo, ingawa watoto wangeuomba.

Maktaba si nyumba ya kulala, na haikujengwa ili kuonyesha sola. Lakini karibu kila kitu kinachoipunguzia nyumba njaa ya umeme kimo humo: ukuta mzito, paa lenye kivuli, hewa inayopita, mwanga wa mchana unaofika ndani. Na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinacholipiwa ushuru Kobero.

Gitega iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Mchana wa Agosti jua linachoma, usiku wa Julai mtu hujifunika mablanketi mawili. Nyumba ya mabati yasiyo na dari, yenye kuta nyembamba, huchemka saa nane mchana na kupoa kama mtungi saa nane usiku. Wenye nyumba hiyo huingiza jiko la mkaa ndani usiku, na moshi wa mkaa katika chumba kilichofungwa huua. Ukuta mnene wa udongo hufanya kazi tofauti: huchukua joto la mchana polepole na kulirudisha ndani saa kadhaa baadaye, wakati baridi imeshaingia.

Tofali la kuchoma linalojulikana Burundi yote nalo ni imara, tatizo lake ni tanuri. Linakula kuni katika nchi ambayo karibu kila sufuria tayari inapikwa kwa kuni au mkaa. Mradi wa PROECCO, uliofadhiliwa na Uswisi katika Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, ulihimiza tanuri zinazobana kuni na namna ya kulaza matofali kwa ubavu ili ukuta ule ule utumie matofali machache. Anayetaka kuchoma achome kwa njia hiyo. Asiyetaka, ashindilie. Mashine za mkono za kufyatulia matofali ya kufungamana zinajulikana sana Tanzania, ambako Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezieneza kwa miaka mingi. Hapo pana biashara ya kukodisha mashine kwa siku, na wauza mabati wengi hawajaifikiria.

Kabla ya kukodi mashine, udongo upimwe. Fundi mwenye uzoefu hujaza udongo chini ya nusu ya chupa ya kioo, huongeza maji, hutikisa, huacha siku nzima. Mchanga hutulia chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukizidi, tofali hupasuka likikauka; ukipungua, halishikani. Saruji kidogo, kati ya asilimia 5 na 10, huliimarisha tofali litakaloguswa na maji. Kisha subira: tofali lenye saruji hulala kivulini likimwagiwa maji kwa wiki ya kwanza, na halifikii nguvu zake kabla ya siku 28. Wajenzi wengi huanguka hapo. Tofali la siku tano hupandishwa ukutani kwa sababu fundi analipwa kwa siku, na nyufa hulaumiwa udongo.

Jua linapopita

Gitega na Muyinga ziko nyuzi 3 hivi kusini mwa Ikweta. Adhuhuri jua huwa karibu utosini mwaka mzima, Juni likiinama kaskazini, Desemba kusini. Jua la kusumbua ni la asubuhi na la jioni, linaloingia kwa chini na kugonga kuta za mashariki na magharibi. Kwa hiyo nyumba iwe ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini chini ya kivuli cha paa, na kuta fupi za ncha mbili ziwe na matundu madogo tu. Haiongezi hata faranga moja. Ni kugeuza mchoro kabla ya kuchimba msingi. Mwenye kiwanja chembamba kinachotazama barabara atabanwa, hasa akitaka duka mbele. Basi duka ndilo lipewe upande wa magharibi, maana jioni mlango wake uko wazi vyovyote.

Dirisha lina kazi nyingine inayosahaulika. Nyumba nyingi mpya zina madirisha madogo yenye vioo vyeusi na pazia nzito, na taa zinawaka saa sita mchana. Taa ya mchana ni paneli iliyonunuliwa bure.

Paneli zenyewe zitazame kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Mwinamo mdogo hivyo hauongezi umeme sana karibu na Ikweta. Kazi yake kubwa ni kuyafanya maji ya mvua yaoshe vumbi. Kwenye paa la vigae fundi akanyage kwa uangalifu, atumie kulabu zinazoshika kenchi, si kigae. Wengine huona nafuu kuziweka juu ya bati la jikoni la nje, mradi mti wa jirani usilitie kivuli: kivuli cha tawi moja juu ya pembe ya paneli kinaweza kupunguza umeme wake zaidi ya ukubwa wa kivuli chenyewe. Na zikiwekwa chini sana, wezi hawahitaji ngazi.

Hesabu ya paneli moja na ya tano

Chukua familia ya watu sita yenye taa nane. Taa za LED za wati 6, zikiwaka saa nne kila moja, hula wati-saa 192 kwa siku. Televisheni bapa ndogo ya wati 30 kwa saa nne ni 120. Simu nne, 40. Redio, 30. Friji ndogo ya umeme wa moja kwa moja wa betri, iliyotengenezwa kwa ajili ya sola, 400 hivi. Jumla ni 782. Umeme mwingine hupotea njiani, kwenye betri na kwenye nyaya, kwa hiyo jumla hiyo igawanywe kwa 0.7, ipatikane takriban 1,117. Katika nyanda hizi jua hutoa kwa siku kiasi cha saa 4 hadi 5 za nguvu kamili. Mwenye busara hupiga hesabu kwa 4. Jibu ni wati 279. Paneli moja ya wati 300 inatosha. Bila friji, ya wati 150.

Sasa nyumba ya jirani. Taa nane za zamani za wati 60 hula wati-saa 1,920. Televisheni ya mgongo, 320. Simu na redio, 70. Friji ya mtumba iliyoletwa na meli kutoka Ulaya, ambako ilitupwa kwa sababu inakula umeme, 1,500 kwa makadirio ya huruma. Jumla 3,810. Kwa hesabu ile ile, zinahitajika wati 1,360: paneli tano za 300, na betri za kulingana nazo. Friji ile iliyoonekana ya bei nafuu sokoni imemnunulisha mwenye nyumba karibu paneli mbili.

Kuna mwizi mwingine asiyeonekana, inveta. Ile ya kawaida inaweza kula wati 15 hata kama hakuna kitu kilichochomekwa. Ikiachwa imewashwa saa 24 hula wati-saa 360, karibu sawa na friji ya sola. Ndiyo maana nyumba iliyopangwa vizuri huendesha taa, simu, redio na friji moja kwa moja kwa volti 12, na inveta huwashwa tu wakati wa pasi au wa mashine ya kunyoa.

Volti 12 zina dai lake: waya mnene. Waya wa milimita 1.5 za mraba ukipeleka wati 60 umbali wa mita 10 hupoteza karibu asilimia 10 ya volti; wa milimita 4 hupoteza chini ya nusu ya hiyo. Sokoni pia kuna nyaya za alumini zilizopakwa rangi ya shaba. Kwa macho huwezi kuzitambua. Kwangua kwa kisu. Ukiona weupe, rudisha.

Kwa anayevusha mzigo, betri ndiyo habari kubwa. Betri ya risasi ya ampea-saa 200 haipaswi kumalizwa zaidi ya nusu, kwa hiyo hutoa wati-saa 1,200 hivi, na ina uzito wa kilo 50 na zaidi. Betri ya lithiamu-chuma-fosfeti ya ampea-saa 100 hutoa zaidi ya wati-saa 1,000 na mtu huibeba kwa mkono mmoja, kilo 12 au 13. Bei yake ya kununua iko juu, lakini hudumu mizunguko maelfu, ile ya risasi mamia. Anayelipa mbebaji, basi na nafasi ya ghala ajumlishe uzito huo kabla hajasema lithiamu ni ghali. Na mteja ambaye betri yake imekufa mwaka wa pili huja dukani na jirani zake.

Mezani Kobero

Hapa makosa yanakula mtaji. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kile cha wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Paneli iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Tanzania kwa kununuliwa Kariakoo, hata risiti iwe na muhuri. Wapo wanaofika mezani na cheti hicho wakidhani kitawapitisha, na mzigo unalala.

Habari njema ni kwamba paneli zenyewe zimewekewa asilimia sifuri katika ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya, popote zilikotengenezwa. Betri na vifaa vingine vina njia nyingine. Nyongeza ya Tano ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 imetoa msamaha kwa vifaa maalumu vya nishati ya jua, zikiwemo betri za kuhifadhi umeme huo, lakini maneno yake hurekebishwa mara kwa mara kupitia Gazeti Rasmi la Jumuiya. Ofisa ana haki ya kuuliza kama betri ni ya sola au ya gari, na karatasi ya kiwandani inayoeleza matumizi yake humjibu vizuri kuliko maneno. Kuulizia kwa mamlaka ya mapato, OBR, kabla ya kulipia mzigo ni nauli ya siku moja. Ushuru wa forodha ukiwa sifuri, kodi na ada nyingine za ndani bado zinaweza kuwepo.

Ubora nao unaanza kuwa karatasi. Mradi wa Benki ya Dunia uitwao SOLEIL, wa dola milioni 100, uliidhinishwa mwaka 2020 kupeleka sola kwenye shule, vituo vya afya na kaya za vijijini Burundi. Fedha za namna hiyo hutafuta bidhaa zilizopimwa, na alama ya VeraSol ndiyo inayotambulika kwa mifumo midogo ya majumbani. Mfanyabiashara mwenye vifaa vilivyopimwa anaweza kuuza kwa mama wa Karuzi na kwa zahanati pia. Mwenye paneli iliyoandikwa wati 300 na kutoa 180 atauza sokoni, mara moja.

Jikoni ndiko nyumba nyingi za sola hunyamaza. Paneli moja haipiki maharage. Sufuria ya umeme yenye presha inayahifadhi joto na inaweza kuivisha chungu cha maharage kwa takriban nusu ya uniti, lakini huvuta karibu wati 1,000 inapowaka, na hiyo inataka inveta kubwa na paneli za ziada. Ni jambo la awamu ya pili. Kwa sasa, jikoni la nje lenye bomba la moshi, jiko sanifu, na maharage yaliyolowekwa tangu jana usiku hupunguza mkaa kuliko kifaa chochote kipitacho Kobero.

Kalenda ya ujenzi inapangwa na mvua. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho cha kufyatua na kukaushia matofali; paa liwe juu kabla mvua za Septemba hazijakolea, kwa kuwa ukuta wa udongo usiofunikwa hauvumilii. Mabomba ya kupitishia nyaya yawekwe kabla ya lipu. Paneli na betri hununuliwa mwisho, nyumba ikiwa imefungwa na kufuli mlangoni, na bei ya Kabanga ikiwa imeulizwa upya.